Zaprian Kehayov na Kebo Iliyopashwa Mapajani

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, kama uko zizini, kama uko njiani unarudi nyumbani na theluji imekufika magotini, sogeza redio karibu. Jioni hii tunamkumbuka mtu mmoja.

Jina lake ni Zaprian Kehayov. Alikuwa fundi wa umeme wa Gorna Smreka, kijiji kilicho juu kabisa ya bonde letu. Alifariki Jumanne iliyopita, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Tulimzika Alhamisi. Ameacha mke, Fidanka, na binti mmoja, Svilena.

Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi. Tunamkumbuka Zaprian Kehayov, fundi wa umeme wa Gorna Smreka.

Hakuwa mtu mkubwa. Aliwahi kugombea ujumbe wa baraza la kijiji, mara moja tu, akapata kura moja. Alidhani ni ya mkewe. Fidanka alikana mbele za watu.

"Sikumpigia," ameniambia Fidanka wiki hii, akicheka na kujifuta machozi kwa wakati mmoja. "Ningempigiaje? Angekaa kwenye mikutano, na boila yangu angetengeneza nani? Ile kura alijipigia mwenyewe, maskini."

Hatumkumbuki kwa ukubwa, basi. Tunamkumbuka kwa sababu ya baridi. Ninyi mnaoishi huku mlimani mnajua. Nyaya hazikatiki wakati wa kiangazi, watu wakiwa wamekaa nje na glasi zao za rakia, pombe yetu ya matunda. Hukatika Januari, upepo ukivuma kutoka kileleni na barafu ikining'inia kwenye nyaya, nene kama mkono wa mtu. Hapo ndipo simu ya Zaprian ilipolia. Na kila ilipolia, alitoka.

Zaprian alizaliwa katika nyumba ya wachungaji. Baba yake alitaka arithi kondoo. Lakini kijana alikwenda jeshini, akafundishwa kazi ya umeme, akarudi na sanduku la bati lenye vifaa. Mzee alilitazama lile sanduku kwa muda, akauliza, "Hili nalo linatoa maziwa?" Zaprian akajibu, "Halitoi, baba, lakini pia halili nyasi." Maneno yakaishia hapo.

Kazi ya umeme kwenye baridi ina namna yake, wasikilizaji, na Zaprian aliijua kwa mwili wake wote. Koleo halikai mfukoni. Chuma chenye baridi hunasa ngozi ya kiganja, na ukikivuta kinaondoka na ngozi. Kwa hiyo koleo lake lililala kifuani, chini ya shati. Tepu nyeusi ya umeme haishiki kwenye baridi, huteleza kama karatasi. Kwa hiyo tepu ilikaa kwapani. Testa ya kupimia umeme ilikaa ndani ya kofia. Mikono aliipaka mafuta ya kondoo, na glavu zake za sufu alizikata ncha za vidole, maana skrubu ndogo haikamatwi na mtu aliyevaa glavu nzima.

"Baba akikukumbatia wakati wa baridi, unachomwa na bisibisi," anasema binti yake Svilena. "Nilipokuwa mdogo nilidhani akina baba wote wako hivyo. Nikashangaa baba wa rafiki yangu alikuwa laini."

Halafu kulikuwa na suala la kebo. Hili ndilo suala la maisha ya Zaprian, na naomba mnisikilize vizuri.

Kebo ina gamba la plastiki. Kukiwa na joto la kawaida, gamba hilo hukunjika bila shida. Baridi ikizidi, huwa kavu kama ganda la yai. Ukilikunja linapasuka. Na ubaya wake ni kwamba huenda usione chochote. Ufa ni mwembamba kama unywele. Unafunga kazi, unawasha, taa zinawaka, unalipwa, unakwenda zako. Unakuja kujua majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka na maji yakitafuta pa kuingia.

Zaprian alilijua hili kwa sababu lilimtokea. Alikuwa bado kijana. Binamu yake Rusko alitaka taa zizini kabla kondoo hawajaanza kuzaa, na alikuwa na haraka. Zaprian naye alikuwa na haraka, maana alikuwa amealikwa harusini. Aliifungua kebo kwenye baridi kali, akaikunja kwenye kila kona ya zizi, akawahi harusi. Theluji ilipoyeyuka, asubuhi moja Rusko aliwakuta kondoo wake wamelala wamekufa kwa umeme kuzunguka hori la maji.

Rusko hakumpiga. Hakumshtaki popote. Alimwambia tu, "Zaprian, hawa kondoo hawakukukosea kitu." Zaprian alisema mara nyingi kwamba afadhali angepigwa.

Tangu siku ile, hakuna kebo iliyofunguliwa na Zaprian wakati wa baridi kabla haijapashwa joto. Kebo ililetwa ndani ya nyumba. Ililala karibu na jiko. Kama jiko lilikuwa limezungukwa na nguo za kuanika, kebo ililala kitandani.

"Kuna majira tulikuwa tunalala watatu," anasema Fidanka. "Mimi, yeye na kebo. Na blanketi nene alikuwa anamfunika nani? Msiniulize."

Watu walimlalamikia. Fundi gani huyu, anakuja leo kutazama, anafanya kazi kesho? Walimwita mwoga. Walimwita Bibi Kebo. Yeye alicheka nao, akala chakula chao, na kebo ikaendelea kulala karibu na jiko mpaka aridhike.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nifike kwenye siku ambayo Gorna Smreka haitaisahau. Ni miaka tisa sasa. Ilikuwa Januari, siku ya Mtakatifu Antoni.

Alfajiri ya siku ile, theluji iliyokuwa imejaa juu ya paa la makao ya wazee iliporomoka yote kwa mpigo. Ikaing'oa kebo inayoleta umeme kutoka kwenye nguzo. Umeme ukakatika, pampu ya boila inayosukuma maji ya moto ikasimama. Watu walipoamka, vyuma vya kupashia vyumba vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Mkuu wa makao alikuwa Pavlina Chausheva. Alipiga simu kwa watu wa shirika la umeme. Walimzimia laini kwenye nguzo ili pawe salama, lakini walikuwa na nyaya zilizoanguka bonde zima. Walimwambia asubiri siku mbili, labda tatu. Pavlina hakuwa na siku mbili. Maji kwenye mabomba yangeganda usiku huohuo, mabomba yangepasuka, na hakuna mtu angelala tena kwenye jengo lile mpaka kiangazi. Akafanya alilopaswa kufanya. Aliomba magari mjini, wazee wahamishwe. Mjini wakamjibu kwamba magari yatafuata nyuma ya katapila la kuondoa theluji barabarani na yatafika kabla ya giza. Nafasi zipo, lakini si mahali pamoja. Wanaume watapelekwa mji mmoja, wanawake mji mwingine, ng'ambo ya mlima.

Katika makao yale kulikuwa na mume na mke. Mzee Tanas Uzunov na mkewe, Bibi Gyurga. Walikuwa na zaidi ya nusu karne katika ndoa, na sidhani walimaliza siku moja bila kugombana. Waligombana kuhusu dirisha. Waligombana kuhusu chumvi. Waligombana kuhusu jina la mbuzi aliyekufa zamani. Lakini mikono ya Tanas ilikuwa ikitetemeka, hivyo Gyurga ndiye aliyemfunga vifungo na kamba za viatu. Macho ya Gyurga yalikuwa yamefifia, hivyo Tanas ndiye aliyemsomea. Wakitenganishwa, mmoja angebaki bila mikono na mwingine bila macho. Na kila mtu kijijini alijua kwamba wazee wanaoteremshwa mjini wakati wa baridi "kwa wiki chache tu" hawarudi tena juu.

Zaprian alipoingia akipangusa theluji mabegani, Tanas alikuwa wa kwanza kumsemesha.

"Fundi, fanya haraka! Ukichelewa, mimi nitalazwa na wanaume wanaokoroma, na huyu atalala kwa amani. Usimpe raha hiyo."

"Nilale kwa amani?" akasema Gyurga. "Nitaamka kila saa nikidhani nimekuwa kiziwi."

Watu wakacheka. Lakini Zaprian aliona kwamba Gyurga alikuwa ameshika mkono wa koti la mumewe, na hakuuachia.

Kebo ndefu ya kutosha ilikuwepo sehemu moja tu, kwenye banda la kiwanda cha mbao. Mwenye kiwanda aliileta kwa farasi, ngoma nzima ya mti iliyozungushiwa kebo hiyo, juu ya kigari cha kukokotwa kwenye theluji. Banda lile halina ukuta upande mmoja. Kebo ilikuwa imekaa humo tangu majani yalipopukutika. Zaprian aliigonga kwa koleo. Ikalia ko, ko, ko, kama mti mkavu.

"Kaka Zaprian, ifungue tu," akasema Pavlina. "Tutaivuta polepole."

"Haifunguki, dada. Itapasuka."

"Itapasuka wapi? Mimi naiona nzima."

"Ndiyo maana naiogopa."

Pavlina alitazama saa, akatazama barabara, akamtazama yeye. "Magari yanakuja, kaka. Ukikataa kuifungua, mimi nitawapakia hawa watu. Sina njia nyingine."

"Najua," akasema Zaprian. "Mimi pia ningewapakia."

Wakaivingirisha ngoma ndani ya chumba cha kulia, chumba pekee chenye jiko la kuni. Wazee wote walikuwa humo, wamekaa mviringo kuzunguka jiko, na mablanketi, na chupa za maji ya moto tumboni. Harufu ya mikate ya asali ilikuwa imejaa chumbani, maana siku ya Antoni mikate hiyo huokwa hata kama paa limeanguka. Zaprian aliisogeza ngoma karibu na jiko, akaweka kiganja juu yake, akatikisa kichwa. Mzunguko wa nje ungepata joto. Mizunguko ya ndani ingekaa na baridi yake mpaka kesho. Njia ilikuwa moja: kila mzunguko wa nje ukilegea kidogo, autoe polepole, kwa mkunjo mpana, aulaze mahali penye joto, ili wa chini yake nao uguswe na jiko. Lakini aulaze wapi? Sakafu ilikuwa ya mawe.

Akawatazama wazee.

"Ndugu zangu," akasema, "nahitaji mapaja."

Wazee wakatazamana. Kisha Mzee Tanas akauliza, "Fundi, Fidanka ana habari?"

Kicheko kikalipuka. Wakaelewa. Wanaume wakaanza kufunua mablanketi. Lakini wanawake hawakufunua. Mmoja alimtazama Gyurga, na mwingine akamtazama Gyurga, na Gyurga alikuwa amekunja mikono.

"Leo ni siku ya Antoni," akasema. "Leo hatushiki uzi."

Wasikilizaji, ninyi mnajua. Siku ya Antoni mwanamke hasokoti, hafumi, hashoni. Mikate ya asali inagawiwa kwa majirani ili ugonjwa upite mlangoni ukiwa umeshiba, na uzi unaachwa kapuni ili usiuvute ugonjwa ndani.

"Mama, huu si uzi," akasema Zaprian. "Ni kebo."

"Ni mrefu?"

"Mrefu."

"Umezungushiwa kitu kama uzi kwenye kibiringo?"

"Umezungushiwa, ndiyo."

"Ndani yake kuna nini?"

Zaprian akakuna kichwa. "Ndani kuna nyuzi za shaba."

"Haya," akasema Gyurga. "Umesema mwenyewe."

Hakuna aliyecheka sasa. Akaendelea kwa sauti ya chini. "Mama yangu alisokota siku kama hii. Sufu kidogo tu, ya soksi. Pasaka haijafika, tukamzika mdogo wangu. Najua mtasema ni homa. Hata daktari alisema ni homa. Lakini mama hakusokota tena mpaka anakufa."

Pavlina alifungua mdomo ili aseme jambo. Zaprian akamzuia kwa jicho. Baadaye alimweleza Fidanka kwa nini. Alisema, "Mimi ni nani nimcheke mtu anayeogopa kitu chembamba? Mimi mwenyewe naogopa ufa usioonekana."

Akasema, "Sawa, mama. Hutashika."

Wanaume walikuwa wachache. Wanawake wa huku kwetu huishi zaidi, kila mtu anajua. Zaprian alianza na Tanas. Akamlazia mzunguko wa kwanza mapajani, chini ya blanketi, akaupeleka kwa jirani yake, akarudi. Mzunguko wa pili. Wa tatu. Kebo ilikuwa nzito, na baridi yake iliingia mwilini kama maji ya kisima. Mzee Tanas alijikaza. Alitania kwamba amekamatwa na chatu. Kisha akaacha kutania. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi, na ile mikono inayotetemeka ikazidi kutetemeka. Wanaume walikuwa wamejaa, na kwenye ngoma bado kulikuwa na kebo nyingi.

"Ondoa, fundi," Pavlina akasema. "Ataugua. Inatosha."

Zaprian akainama kuiondoa. Hapo ndipo Bibi Gyurga aliposema, "Fundi."

"Naam, mama."

"Mimi nina usingizi."

"Sasa hivi?"

"Mtu wa umri wangu hulala akipenda. Nikilala, halafu mtu akaniwekea kitu mapajani, mimi nitajuaje? Na huyo Antoni atanilaumu kwa lipi?"

Akafumba macho. Akafunua blanketi.

Kisha mwanamke aliyekaa kando yake akasema, "Mimi pia, tangu asubuhi sijisikii vizuri, usingizi tu." Akafumba macho. Wa tatu akafumba. Usingizi ukazunguka jiko, kiti hadi kiti, mpaka wanawake wote wa makao wakawa wamelala, wamekaa wima, mchana kweupe, mablanketi yakiwa wazi.

Zaprian akapita katikati yao akitembea kwa ncha za viatu, kana kwamba kweli asiwaamshe. Akamtolea Tanas ile mizigo, akaigawa. Akafungua mzunguko baada ya mzunguko, akaulaza kwenye mapaja, akafunika, akasogea. Mmoja alikuwa akikoroma kwa nguvu kupita kiasi.

"Huyo ni wangu," akasema Tanas. "Hata usingizi wa uongo anakoroma."

"Nimelala, lakini nasikia," akasema Gyurga, macho yamefumbwa.

Ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji wapendwa. Nawaomba mwione picha hiyo. Kebo moja nyeusi, ndefu, inazunguka chumba chini ya mablanketi, kutoka paja hadi paja, na wazee wa Gorna Smreka wanaipasha kwa miili yao. Mpishi alikuwa akibadilisha chupa za maji ya moto. Kila mara Gyurga aliuliza, "Tayari?" na Zaprian akajibu, "Bado, mama, endelea kulala." Alikuwa akipita anaweka shavu lake kwenye kebo, kwa sababu shavu haliongopi kama mkono uliozoea baridi. Jua lilikuwa limeshavuka bonde alipoweka shavu lake kwa mara ya mwisho, akaikunja kidogo, na kebo ikatii.

"Tayari," akasema. "Amkeni."

Waliibeba ikiwa imefunikwa mablanketi, kama wanavyobeba mgonjwa. Pavlina, mpishi, mwenye kiwanda cha mbao. Kule nje ilibidi kukimbizana, maana kwa kila pumzi baridi ilikuwa ikiirudia kebo. Zaprian alipanda nguzo. Pavlina alishika ngazi, na ngazi ilikuwa imefungwa magunia kwenye vidato ili viatu visiteleze. Upepo ulimpiga usoni mpaka nyusi zikawa nyeupe. Hata glavu zake zilizokatwa ncha hazikumfaa, skrubu ilikuwa ndogo mno, akazivua zote mbili. Akafunga kwa vidole vitupu. Akatoa tepu kwapani.

Magari yakafika. Mawili, nyuma ya katapila. Dereva wa kwanza akashuka, akatazama juu.

"Mkuu hapa nani? Nimeambiwa nipakie kabla ya giza."

"Kanywe chai!" akapiga kelele Zaprian kutoka juu.

"Nimeshakunywa!"

"Kanywe nyingine!"

Dereva hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na barabara mbele yake na giza nyuma ya mlima. Alianza kubeba mabegi. Mlangoni mabegi yalikuwa yamepangwa mafungu mawili, la wanaume na la wanawake. Bibi Gyurga alikuwa amemvalisha mumewe koti na kofia, na sasa alikuwa amepiga magoti mbele yake anamfunga kamba za viatu, huku akimmwagia maagizo. Kidonge cheupe ni cha asubuhi. Asile kachumbari kali. Asimruhusu mtu mwingine amfunge viatu, maana watambana. Tanas hakubisha hata moja. Hilo, alisema Pavlina, ndilo lililomtisha kuliko baridi. Hakuwahi kumwona Tanas akikosa kubisha.

Zaprian aliteremka, akapita katikati ya mafungu yale mawili bila kumtazama mtu. Akaenda kwenye boksi la umeme. Aliipima laini mpya kwanza, kama desturi yake, ingawa dereva alikuwa akigonga mguu sakafuni. Gamba lilikuwa zima. Pavlina akapiga simu kwa shirika la umeme, laini ikarudishwa. Zaprian akapandisha swichi kuu.

Kimya. Kisha pampu ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikaanza kuvuma, na mabomba ukutani yakaanza kugonga, tak, tak, tak, maji ya moto yakisukuma ya baridi.

Hakuna aliyeshangilia. Walisikiliza tu. Na Bibi Gyurga, aliyekuwa bado amepiga magoti, akainama akaanza kuzifungua kamba za viatu alizokuwa amemaliza kuzifunga.

"Mwanamke, amua moja," akasema Mzee Tanas.

Magari yalirudi mjini matupu, isipokuwa mikate ya asali ambayo madereva walipewa kwa nguvu.

Narudia, wasikilizaji, kwa sababu mambo haya ni rahisi kuyapita haraka. Hakuna aliyehamishwa siku ile. Hakuna hata mmoja.

Zaprian aliilipia siku ile. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kidogo, havikurudi na hisia. Fidanka ndiye aliyemfunga vifungo vya shati tangu wakati huo. "Alinilalamikia kwa jambo moja tu," anasema Fidanka. "Kwamba sasa amekuwa kama Tanas." Aliendelea na kazi miaka kadhaa, polepole zaidi, akipasha kebo kama kawaida. Hakuna aliyemwita tena Bibi Kebo. Kila siku ya Antoni sahani ya mikate ya asali ilifika mlangoni kwake kutoka makao ya wazee, na kila mara aliirudisha sahani ikiwa imeoshwa na imejaa lozi. Msimu wa baridi huu kifua kilimzidi. Alikufa akiwa amelala, nyumba ikiwa na joto, mkewe akiwa chumba cha pili anafuma.

Kwa Fidanka, kwa Svilena, kwa ukoo wote wa Kehayov, na kwa binamu Rusko aliyelibeba jeneza pamoja na vijana ingawa yeye mwenyewe anatembea kwa fimbo, redio yetu inatoa pole za dhati. Mungu amsamehe na ardhi iwe nyepesi juu yake.

Na kwetu sote tuliobaki, naomba tutafakari kidogo jioni hii. Kila mmoja wetu ana mtu aliyewahi kutoka nje kwenye baridi kwa ajili yake, yeye akabaki ndani. Fundi, mkunga, dereva wa katapila, jirani mwenye koleo la theluji. Mara nyingi tulishukuru kwa haraka, tukafunga mlango kwa sababu ya upepo. Kama bado yuko hai, mtafute kesho. Mwambie habari za siku ileile unayoikumbuka, mtajie na ulichobaki nacho kwa sababu yake.

Bibi Gyurga bado yuko hai. Ana miaka tisini na mmoja, na hakuweza kufika mazikoni. Alinipigia simu jana, akaniomba niseme maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapambe. Mume wake, Mzee Tanas, alifariki miaka mitano baada ya siku ile, majira ya kuchipua, katika makao yaleyale, katika chumba chao. Haya ndiyo maneno ya Bibi Gyurga:

"Mwambie Fidanka hivi. Tanas alikufa nikiwa nimemshika mkono. Tulikuwa tumegombana asubuhi, tukapatana mchana, akafa jioni. Miaka mitano ile nilipewa. Namjua aliyenipa, na kila usiku nikisali namtaja kwa jina, baada ya mume wangu, kabla ya watoto."